Upele wa Uso Usiotaka Kuondoka



Juma hili tulikuwa tumekusudia kuandika juu ya chakula cha wazee, lakini tumeiweka kando mada hiyo kwa sababu ya barua moja iliyotufikia kutoka Nairobi. Aliyeiandika ni dada yetu mzaliwa wa Mombasa, aliyeolewa akahamia mtaa wa Umoja, na huko husomesha watoto wadogo madrasani. Ametuidhinisha kuyatumia maneno yake kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe. Tumeisoma barua hiyo zaidi ya mara moja, na kila tulipoisoma tuliona kwamba ingeweza kuandikwa na bibi yeyote katika mitaa ile, kuanzia Pumwani na Eastleigh hadi Kayole na Donholm, na hata huku kwetu Pwani.

Anasema kwamba miaka miwili iliyopita aliota vipele vichache pembeni mwa pua. Havikuwa vikubwa, ila vilimwasha. Jirani yake akampa tyubu ndogo ya krimu aliyoinunua katika duka moja la vipodozi huko Eastleigh. Alipaka usiku wa kwanza, na kufikia siku ya tatu uso ulikuwa laini kama wa mtoto. Akamshukuru Mwenyezi Mungu, akaiacha. Haukupita muda mrefu vipele vikarudi, safari hii vikiwa vingi zaidi na vikishuka hadi pembeni mwa mdomo. Akapaka tena, vikanyamaza. Akaacha, vikarejea. Ndivyo alivyoishi kwa muda wa miezi 14, na sasa akikosa kupaka siku mbili tu uso huwaka moto, huvimba, na kutoka vipele vya usaha ambavyo hata maji ya udhu huviona makali.

Kisha akaandika jambo lililotugusa zaidi. Amevaa nikabu mwaka huu, na kila mtu nyumbani amempongeza kwa hatua hiyo ya kheri, bali yeye anajua moyoni mwake kwamba aliivaa kwa ajili ya kuuficha uso. Kila pongezi humchoma. Na katika mistari ya mwisho akaongeza, kama mtu aliyekumbuka baada ya kuaga, kwamba binti yake wa miaka 3 naye ameanza kuota vipele vidogo vidogo kuzunguka mdomo, naye amempaka krimu ileile mara mbili.

Hilo la mtoto ndilo lililotufanya tusingojee.

Kwanza tuseme upele wenyewe ni nini, kwa kadiri unavyoweza kutambulikana kwa barua, kwani uso wa mtu hautibiwi gazetini. Vipele vidogo vinavyofanana, vilivyokusanyika pembeni mwa mdomo, kwenye mikunjo inayoshuka kutoka puani na wakati mwingine chini ya macho, vikiacha utepe mwembamba wa ngozi safi unaopakana na midomo, ni alama ya ugonjwa ambao madaktari wanaufahamu vyema. Ni uvimbe wa ngozi ya pembeni mwa mdomo. Mwaka 1964 madaktari wawili wa Marekani, Mihan na Ayres, waliupa jina linalotumika hadi leo katika vitabu vya tiba. Huwapata zaidi wanawake vijana na watoto wadogo. Si ukurutu, wala si chunusi za kawaida. Chunusi huwa na vile vichwa vyeusi na vyeupe vilivyoziba matundu ya ngozi, na ugonjwa huu hauna. Hauambukizi kwa kushikana mikono wala kwa kulala kitanda kimoja, na wala si dalili ya uchafu au ya jicho baya la mtu.

Katika vitabu vingi huelezwa kuwa ngozi hugeuka nyekundu. Maelezo hayo yameandikwa kwa kuangalia nyuso za Wazungu, nayo yamewapoteza wengi. Katika ngozi yetu, iwe ya maji ya kunde au nyeusi, wekundu huo huonekana kama weusi uliokolea au rangi ya zambarau iliyofifia, na mara nyingine hauonekani kabisa, mgonjwa akabaki kuhisi joto na mchomo tu. Hivyo mtu huambiwa hana kitu, au huambiwa ana chunusi, akarudi nyumbani na dawa isiyo yake.

Sasa tuje kwenye tyubu ile. Dada yetu alitutumia picha ya maandishi yake, na humo tumeliona jina la klobetasoli. Hii ni dawa ya jamii ya steroidi, tena ni miongoni mwa zile zenye nguvu kuliko zote zinazopakwa kwenye ngozi. Dawa za jamii hii si adui. Mwaka 1952 madaktari Marion Sulzberger na Victor Witten wa New York walionyesha kwamba haidrokotisoni ikipakwa juu ya ngozi iliyovimba huituliza, na tangu wakati huo mamilioni ya wagonjwa wa ukurutu na maradhi mengine wamepata nafuu kwayo. Lakini zile zenye nguvu zilikusudiwa ngozi nene ya viganja, nyayo na viwiko, kwa siku za kuhesabika, chini ya macho ya daktari. Ngozi ya uso ni nyembamba na huinywa dawa kwa wingi kuliko ngozi ya mkono.

Namna inavyotenda ndiyo inayoeleza masaibu yote ya dada yetu. Steroidi huibana mishipa midogo ya damu na kuzizima zile nguvu za mwili zinazoleta uvimbe. Ndiyo maana siku ya tatu uso huwa mweupe na laini, mtu akadhani amepona. Chini ya utulivu huo, ngozi huzidi kuwa nyembamba, kinga yake hupungua, na vijidudu vinavyoishi juu yake kwa kawaida hupata nafasi ya kuongezeka. Siku mpakaji anapoacha, mishipa iliyokuwa imebanwa hufunguka kwa pamoja, uvimbe uliozuiwa hurudi kwa kishindo, na uso huwa mbaya kuliko ulivyokuwa kabla ya kupakwa chochote. Mgonjwa hutazama kioo na kusema, bila krimu hii mimi siwezi. Naye anasema kweli kuhusu anachokiona, ila anachokiona ni kazi ya krimu yenyewe. Anayemtuliza ndiye anayemchokoza.

Jambo hili halikuanzia Eastleigh. Huko Ulaya, katika miaka ya 1960 na 1970, baada ya krimu zenye nguvu kuingia madukani na katika vyeti vya madaktari, wanawake wengi walipatwa na upele huohuo wa pembeni mwa mdomo, na idadi yao ikashuka pale madaktari walipoacha kuwaandikia krimu hizo kwa ajili ya uso. Walijifunza kwa nyuso za wanawake wao. Sisi hatuna haja ya kujifunza upya kwa nyuso za mabinti zetu.

Lakini twajifunza upya, na tunafahamu sababu yake. Mwenye duka la vipodozi huuza kinachotakiwa, na kinachotakiwa ni weupe. Betamethasoni, klobetasoli na mometasoni ni dawa ambazo zilipaswa kutolewa kwa cheti cha daktari, ila mtu aweza kuziona zimepangwa rafu moja na mafuta ya nazi na poda za watoto. Zipo tyubu ambazo ndani yake mmechanganywa steroidi, dawa ya fangasi na dawa ya bakteria kwa pamoja, na wauzaji huzitoa kwa kila upele, kwa kuwa hapana upele usioonekana kupata nafuu kwa siku tatu za mwanzo. Kisha upo mkorogo, ule wa kuchanganywa kwenye kopo lisilo na jina. Humo aliyechanganya peke yake ndiye anayejua alichotia, na pengine hata yeye hajui.

Kuhusu mkorogo, mji wa Nairobi una historia ambayo tungependa ijulikane na kila mama. Mwaka 1972 jarida la madaktari wa Uingereza lilichapisha uchunguzi wa wagonjwa 60 wa Nairobi, watu wazima, waliokuwa wamevimba mwili kwa sababu figo zao zilikuwa zikivujisha protini kwenye mkojo. Madaktari walipowauliza wanachopaka, zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi, na krimu hizo zilikuwa na zebaki. Baadhi yao walipoziacha, figo zilirudi katika hali yake. Serikali ya Kenya ilikuja kupiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni mwishoni mwa miaka ya 1990, na Shirika la Viwango la Kenya limekuwa likitangaza orodha za vilivyokatazwa, ila bado vyaingia. Zebaki haina harufu wala haichomi. Hubaki kwenye taulo na foronya, na hupita kutoka shavu la mama hadi shavu la mtoto anayembusu. Dada yetu, al-hamdulillahi, hakutumia mkorogo. Tumeyataja haya kwa sababu wengi huanza na tyubu na kuishia kwenye kopo.

Hapa tuseme neno moja ambalo huenda lisiwapendeze baadhi ya wasomaji wetu. Tumehudhuria harusi nyingi, Mombasa na Nairobi, na tumewasikia kina mama wakimsifu bibi harusi kwa neno moja tu, kwamba ni mweupe. Binti aliye pembeni, mwenye rangi ya baba yake, naye ana masikio. Tunamlaumu muuza duka, naye anastahili lawama, lakini si yeye aliyempeleka binti yule dukani.

Tumeulizwa zaidi ya mara moja iwapo kuutibu uso ni kujibadilisha maumbile. Masheikhe wetu hutofautisha kati ya kuondoa maradhi na kubadilisha alichokiumba Mwenyezi Mungu kwa ajili ya urembo. Mtume wetu (S.A.W.) ametuhimiza kujitibu. Upele ni maradhi, kwa hiyo kuutibu kumo katika ruhusa hiyo. Kuichubua ngozi yenye afya ili ipate rangi nyingine ni jambo jingine, na mwenye shaka amwendee sheikh wake. Ama suala la nikabu, sisi si watu wa fatwa. Tunamwambia tu dada yetu kwamba nia ya mtu ni siri yake na Mola wake, nayo hurekebishika, na kwamba hana haja ya kuivua wala kuona haya ili aanze kutibiwa.

Tiba ya ugonjwa huu huanza kwa kuacha. Wenye elimu ya ngozi huiita tiba ya sifuri: hapana krimu ya steroidi, hapana mafuta ya uso, hapana poda, hapana sabuni yenye harufu, wala kusugua. Uso uoshwe kwa maji matupu ya vuguvugu au ya baridi, upigwepigwe kwa kitambaa safi cha pamba mpaka ukauke, basi. Wengi hushindwa hapa, kwani mtu mwenye uso unaowaka hutaka kupaka kitu, na hapana jambo gumu kwa mgonjwa kuliko kuambiwa asifanye lolote.

Ni lazima ajue litakalomfika ili asikimbie. Katika siku chache za mwanzo baada ya kuacha, uso utachafuka. Utavimba, utawasha, utatoka vipele zaidi, na kila atakayemwona atamshauri arudie tyubu. Hali hiyo kwa aliyepaka kwa muda mfupi huweza kupita baada ya siku 10 au majuma mawili. Kwa aliyepaka dawa kali kwa miezi mingi, kama dada yetu, yaweza kuendelea kwa majuma kadhaa, na hata miezi, ikipanda na kushuka. Kwa sababu hiyo aliyetumia dawa kali kwa muda mrefu ni vyema asiache peke yake. Daktari aweza kumshusha kwa ngazi, akampa haidrokotisoni hafifu kwa muda mfupi badala ya ile kali, kisha akaiondoa nayo. Kitambaa cha pamba kilicholowekwa kwenye maji baridi, kikawekwa usoni dakika chache mara mbili au tatu kwa siku, hupunguza moto wake.

Juu ya kuacha, zipo dawa zinazosaidia. Kwa upele mdogo, daktari huandika dawa ya kupaka isiyo steroidi, kama metronidazoli au erithromaisini ya ngozi. Kwa uliokolea, huongeza vidonge vya jamii ya tetrasaiklini, aghalabu doksisaiklini, kwa majuma 6 hadi 12. Havitolewi kwa sababu ya kuua bakteria peke yake, bali kwa kuwa hutuliza uvimbe, na ndiyo maana humezwa kwa muda mrefu namna hiyo. Mgonjwa asitarajie kuona tofauti katika juma la kwanza. Mjamzito hapewi dawa hizi, wala mtoto aliye chini ya miaka 8, kwa kuwa huharibu meno na mifupa inayokua. Wao wana dawa zao, kama erithromaisini. Anayenyonyesha amwambie daktari kabla ya kuandikiwa.

Dada yetu ameuliza kuhusu Ramadhani, na swali lake lina uzito kuliko alivyodhani. Dawa ya kupaka usoni haifikii tumboni, na wanavyuoni wengi hawaioni kuwa yabatilisha saumu. Ama kidonge cha doksisaiklini, chaweza kupangwa kwa mara moja kwa siku kwa idhini ya daktari, kikamezwa baada ya futari. Tunasema baada ya futari na si wakati wa daku kwa makusudi. Kidonge hiki kikikwama kooni huchoma na kutia kidonda, na hukwama kwa anayekimeza kwa funda moja la maji kisha akalala. Nasi tunajua jinsi watu wanavyokula daku: jicho moja limefumba. Kimezwe kwa gilasi nzima ya maji, na mmezaji akae au asimame kwa muda usiopungua nusu saa. Sala ya tarawehe yatosha na kuzidi. Kisimezwe pamoja na maziwa, wala vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma, wala dawa za kiungulia, kwa kuwa hivyo huizuia dawa isiingie mwilini. Viachane kwa saa kadhaa. Na anayeitumia ajikinge na jua la mchana, kwani huifanya ngozi iungue upesi.

Udhu usimtie hofu. Maji matupu mara 5 kwa siku hayaudhuru uso huu. Kinachoudhuru ni kuusugua na kuukausha kwa ncha ya kanga iliyofuliwa kwa sabuni kali. Kuhusu nikabu, tungemshauri atafute ya pamba laini, awe na kadhaa ili abadilishe kila siku, azifue kwa sabuni isiyo na manukato na kuzisuuza sana kwa maji. Na tunamwomba, hata kama ni vigumu, asizifukize udi kwa sasa. Nguo nyingine zote afukize apendavyo. Ila kitambaa kinachogusa mdomo na pua mchana kutwa, chenye moshi na mafuta ya manukato, ni mzigo kwa ngozi iliyojeruhiwa.

Vivyo hivyo kwa vitu vyetu vya asili, ambavyo tunavipenda na ambavyo si vibaya kwa ngozi nzima. Liwa, dalia na singo, na ile kasili ya ndugu zetu Wasomali ambayo ni unga wa majani ya mkunazi, vyote husugua au hukausha, na baadhi vina manukato. Uso wenye upele huu upumzike navyo mpaka upone kabisa. Asali, limau, manjano, dawa ya meno iliyopakwa juu ya kipele, vyote tumevisikia vikipendekezwa, na limau hasa limeunguza nyuso nyingi.

Tumesema kwamba uso hautibiwi gazetini, na sababu yake ni kwamba yapo maradhi mengine yanayofanana na hili. Kuna lile linalokaa mashavuni na puani, linaloamka kwa chai ya moto, pilipili, jua na mvuke wa jikoni, mgonjwa akahisi uso unachemka. Kwa watu weusi hulo hukawia sana kutambuliwa, kwani wengi hudhani ni la Wazungu peke yao. Kuna fangasi waliopakwa steroidi, wakapoteza umbo lao la duara na kuenea kimyakimya. Na kuna upele unaotanda mashavuni kama mabawa ya kipepeo, unaoambatana na maumivu ya viungo, uchovu usioisha, vidonda vya mdomoni au nywele kukatika. Huu wa mwisho waweza kuwa alama ya ugonjwa wa lupasi, ambao hushambulia figo na viungo vingine, na mwenye dalili hizo asingoje hata juma moja. Asingoje pia mwenye maumivu ya jicho au ukungu machoni naye amekuwa akipaka steroidi karibu na kope, kwa maana dawa hizi zaweza kupandisha shinikizo la jicho na kuleta mtoto wa jicho.

Kwa walio Eastlands, si lazima kuanza na daktari wa ngozi wa kulipia katikati ya jiji. Aanze hospitali ya umma iliyo karibu, kwa wa Umoja na Kayole ni Mama Lucy Kibaki, aombe barua ya kupelekwa kwa mtaalamu. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ina kliniki ya ngozi. Mtaalamu wa ngozi si lazima awe daktari bingwa. Tangu mwaka 1992 kimekuwako chuo cha maradhi ya ngozi katika hospitali ya KCMC, Moshi, kinachowafundisha maafisa wa tiba kutoka nchi nyingi za Afrika, na wapo miongoni mwao wanaofanya kazi Kenya. Aende na tyubu zake zote, hata zilizokwisha, hata ile anayoionea haya. Tunalisisitiza hili kwa sababu wanawake wengi hulificha jina la krimu mbele ya daktari, naye akitibu upele bila kujua unalishwa na nini, atashindwa, na mgonjwa atasema hospitali haijui kitu.

Wanaosoma maandishi ya tyubu wenyewe, watazame jina la dawa lililoandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara. Mengi ya majina ya steroidi kwa maandishi ya Kiingereza huishia kwa herufi s-o-n-e au o-l-o-n-e, ingawa klobetasoli na nyingine kadhaa hazifuati kanuni hiyo. Tyubu au kopo lisilotaja kilichomo halistahili kuingia chumbani mwa mtu.

Tumrudie yule mtoto wa miaka 3. Tulimpigia simu mama yake kabla ya kuandika makala haya, tukamwomba asimpake tena hata mara moja. Watoto wa umri huo, na hasa watoto weusi, hupatwa na upele wa pembeni mwa mdomo, pua na macho, na mara nyingi nyuma yake kuna steroidi: amepakwa, au amegusana na uso na taulo la anayepaka, au anavuta dawa ya pumu kwa kinyago kinachoacha dawa mashavuni. Huyu alipakwa mara mbili tu, nayo ni bahati. Kwa watoto ugonjwa huu hupona vizuri dawa inapoachwa, ijapokuwa huchukua majuma. Mama yake alinyamaza kwenye simu kwa muda, kisha akauliza kama amemdhuru. Tukamjibu kwamba alimpa mwanawe dawa aliyoiamini, na kwamba sasa anajua.

Swali lake la mwisho lilihusu harusi. Mdogo wake anaolewa Mombasa baada ya miezi mitatu, na yeye ndiye dada mkubwa, atakayekaa mbele ya watu upande wa wanawake akiwa uso wazi. Anataka kujua kama aendelee kupaka mpaka harusi ipite, kisha ndipo aache. Tulimwambia asifanye hivyo. Miezi mitatu inatosha uchafukaji kutokea na kuanza kupungua, iwapo atamwona daktari juma hili na kuanza kuteremshwa. Akingoja, atafika harusini akiwa amepaka miezi 17, na kuacha kutakuwa kugumu zaidi. Vipele huenda vikawa vimekwisha siku hiyo au vimebaki vichache. Madoa meusi vinayoyaacha yatakuwapo bado, kwani kwa ngozi yetu hukawia miezi mingi kufifia, nayo hayataki dawa ya kung'arisha. Mikononi na miguuni atie hina kama wenzake, ila ile piko nyeusi inayochanganywa na rangi ya nywele aiepuke, hiyo nayo huunguza. Usoni asiwekwe kitu.

Alicheka kidogo, akasema mama yake mdogo ndiye msingaji wa familia nzima, na sijui atamwambia nini. Tukamwambia amsomee makala haya. Miadi yake ya hospitali ni Jumanne, naye ataandamana na binti yake.